Damu yangu ilipotoka nyeupe kama maziwa: mafuta kwenye damu wakati wa ujauzito

Mimba yangu ya tatu ilikuwa na wiki 27. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya maabara, kadi ya kliniki mkononi, mtaalamu wa maabara akachungulia dirishani na kuita jina langu. Nikasogea. "Mama, asubuhi umekula nini?" Nikamwambia nimekunywa uji. "Uji peke yake?" Uji na chapati mbili. Akanyanyua kichupa akakishika usawa wa macho yangu ili nione mwenyewe.

Damu ikishazungushwa kwenye mashine hujitenga. Nyekundu inakaa chini, na juu yake yanabaki maji ya manjano mepesi yanayopitisha mwanga. Kichupa cha mama aliyenitangulia kilikuwa hivyo, kilikuwa palepale kwenye kishikio. Changu hakikupitisha kitu. Juu ya ule wekundu palikuwa peupe, mfano wa mtindi uliotiwa maji.

"Haya ni mafuta," akasema. "Kesho urudi saa mbili asubuhi. Usile kitu kuanzia saa mbili usiku, maji tu unywe. Tukupime vizuri."

Naandika haya kwa sababu usiku ule nilitafuta mtu wa kuniambia kwa Kiswahili kinachoeleweka kilichokuwa kinanipata, na sikumpata. Mimi si daktari. Ni mama wa watoto watatu ninayeishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na ninayoyaeleza ni yale niliyoelezwa na wataalamu walionihudumia, pamoja na yaliyonitokea mwilini mwangu.

Kabla ya siku ile nilijua mafuta kwenye damu ni ugonjwa wa watu wanene, wenye magari, wanaokula nyama choma mnadani Msalato kila Jumamosi. Mimi ni mwembamba. Nilianza mimba ile nikiwa na kilo 54. Kipimo chenyewe sikukiomba, wala si katika vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito. Pale tunapimwa presha, mkojo, wingi wa damu, VVU, kaswende. Nilipimwa kwa sababu nililalamika tumbo. Kwa wiki mbili nilikuwa naungua chembe ya moyo, hasa nikishakula, na kwa wiki hizo mbili nilikuwa natafuna vidonge vya kiungulia kutoka duka la dawa la mtaani. Kila niliyemwambia alinijibu kwamba mtoto ana nywele nyingi. Daktari mmoja tu ndiye aliyesema, "Hapana, tuchukue damu tuangalie ini, figo na kongosho." Hapo ndipo weupe ulipoonekana.

Majibu ya kesho yake yalikuwa hivi: trigliseraidi (aina ya mafuta yanayosafiri kwenye damu) 8.9, lehemu yote (kolesteroli) 7.4. Pembeni ya karatasi palichapwa kwamba trigliseraidi zisizidi 1.7. Nikapanda daladala nimeibana ile karatasi kifuani.

Kuna jambo ningependa kila mjamzito aambiwe kabla hajashika karatasi kama ile. Kile kiwango kilichochapwa pembeni ni cha mtu asiye na mimba. Mafuta kupanda wakati wa ujauzito ni mpango wa mwili wenyewe. Nusu ya kwanza ya mimba mama anaweka akiba ya mafuta. Nusu ya pili homoni zinageuza mambo: insulini inapungua nguvu, ini linatengeneza mafuta zaidi, na ile akiba inaanza kufunguliwa na kuingia kwenye damu. Kufikia miezi ya mwisho lehemu inaweza kuwa imepanda kwa theluthi au hata nusu, na trigliseraidi zikawa mara mbili au mara tatu ya zilivyokuwa. Mtoto ana kazi nayo. Kuta za seli zake zote zinajengwa kwa mafuta na lehemu, ubongo wake pia, na homoni inayoilinda mimba isitoke inatengenezwa kutokana na lehemu. Maziwa ya mama nayo yanaandaliwa humohumo. Kwa hiyo mama aliyeanza mimba na trigliseraidi 1 akafika 2.8 mwezi wa nane hana ugonjwa wowote.

Shida ni sisi tulioanza tukiwa tayari juu bila kujua. Mwenye 3 au 4 naye anazidishiwa mara mbili, mara tatu, na hapo ndipo panapotisha. Daktari aliniandikia namba 11.3 kwenye kona ya karatasi akaizungushia duara. Kuanzia hapo, alisema, damu inaweza kuchokoza kongosho, kiungo kinachotoa maji ya kumeng'enya chakula, mpaka livimbe na kuanza kujimeng'enya lenyewe. Mama anaweza kupoteza mtoto, na anaweza kupoteza maisha yake. Nilikuwa nimebakiza hatua chache. (Namba zangu ni za milimoli kwa lita. Maabara nyingine huandika kwa miligramu; huko ile 11.3 inasomeka 1,000, na 8.9 yangu ingesomeka kama 788. Ukilinganisha majibu ya maabara mbili, angalia kwanza kipimo kilichoandikwa mbele ya namba, usije ukalia bure au ukafurahi bure.)

Kongosho langu lilipimwa, likakutwa salama. "Umewahi," daktari aliniambia. Neno hilo moja lilinipa usingizi.

Kazi ya kutafuta chanzo ikaanza. Sukari ilipimwa, nikanyweshwa ule mchanganyiko mtamu wa glukosi na kutobolewa mara tatu, ikaonekana sawa. Tezi ya shingo ikapimwa, maana ikilegea nayo hupandisha mafuta, ikawa sawa. Sikuwa natumia dawa yoyote zaidi ya vidonge vya kuongeza damu na vile vya kiungulia. Pombe sinywi, ingawa jirani yangu alikuwa ananisihi ninywe waini nyekundu kidogo "iongeze damu", kama wengi wanavyoamini hapa kwetu penye mashamba ya zabibu. Waini haiongezi damu. Inapandisha trigliseraidi na inamdhuru mtoto tumboni, basi.

Daktari akaniuliza kwetu kuna nani mwenye shida ya mafuta. Nikajibu hakuna. Jioni nikampigia shangazi yangu Kondoa, nimuulize tu kwa kutimiza agizo. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Baba yako mdogo si alilazwa mara mbili kwa tumbo? Walituambia ni kongosho. Alipewa dawa za mafuta akawa anaziruka." Na baba yangu mwenyewe, kumbe, alishaambiwa mafuta yamezidi miaka mingi kabla hajafa. Miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia sisi watoto, kwa sababu hakuna aliyeuliza. Shangazi hakuficha, aliona ni habari ya wazee. Mwenzangu unayesoma hapa ukiwa na mimba au unapanga kuishika, piga simu hiyo. Usiulize "kwetu kuna ugonjwa wa mafuta?" kwa sababu hawatalijua jina hilo. Uliza nani alilazwa kwa tumbo kali, nani alianguka kwa moyo akiwa kijana, nani alikuwa na dawa za kila siku na za nini.

Kurithi kulikuwa nusu ya jibu. Nusu nyingine ilikuwa jikoni kwangu.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Chamwino mimba ilipofika miezi minne, kunisaidia na watoto. Ni mwanamke ninayempenda na aliyenipenda tangu siku ya kwanza. Alinikuta sili vizuri kwa sababu ya kichefuchefu, akaapa kwamba chini ya mikono yake hilo halitaendelea. "Mkwe wangu, huyo aliye tumboni atakula wapi kama wewe huli?" Basi kila asubuhi na kila jioni jagi la uji wa lishe: mahindi, mchele, soya, karanga nyingi, ngano. Ndani yake kijiko cha siagi na vijiko sita vya sukari, vile vikubwa. Saa nne chapati au vitumbua. Mchana wali wa nazi. Kiu ikinishika, juisi ya zabibu au soda, kwa sababu maji yalikuwa yananichefua. Nyama nilikuwa siigusi kabisa, nikajiona mtu msafi.

Afisa lishe alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaniambia jambo lililonigeuza kichwa: trigliseraidi nyingi katika mwili wangu hazikutoka kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Zilitoka kwenye sukari. Ini likipelekewa sukari na wanga mweupe kuliko mwili unavyoweza kutumia, linaugeuza kuwa mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Soda haina hata tone la mafuta, lakini ndiyo aliyoiondoa kwanza. Juisi ikafuata. Kisha sukari ya kwenye uji, kisha chapati na vitumbua.

Mafuta ya kupikia nayo yakapimwa. Nilijitetea kwamba natumia alizeti ya kukamuliwa hapahapa, na kwamba watu husema haina lehemu. Akacheka kwa upole. Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu, akasema, lehemu hutoka kwa wanyama. Na alizeti kwa mtu wa kawaida ni mafuta mazuri. Lakini kwa mama mwenye trigliseraidi 8.9, mafuta yoyote yanayoliwa yanaongeza mzigo kwenye damu ambayo tayari imeelemewa. Akanipa kipimo: vijiko vitatu vya chai vya mafuta kwa siku, vyote kwa jumla. Nilirudi nyumbani nikapima kiasi tulichokuwa tukimimina kwenye sufuria ya mboga moja. Vilifika vijiko kumi na moja.

Hakuniambia niache mafuta kabisa, na tafadhali asitokee wa kusoma hapa akajifungia mafuta mwenyewe. Kuna mafuta ambayo mtoto hawezi kuyatengeneza, lazima yatoke kwa mama. Kwa hiyo dagaa waliongezwa, wa kuchemsha na kumwagiwa ndimu, si wa kukaanga. Perege wa Mtera tukawala wa kuchemsha na nyanya. Daktari akaniandikia pia vidonge vya mafuta ya samaki, vile vya omega-3, ambavyo kwa kiwango cha tiba hushusha trigliseraidi.

Nilidhani mama mkwe ataumia. Nilimkalisha nikamwonyesha picha ya kile kichupa niliyoipiga kwa simu. Akaitazama sana. Akainuka bila kusema, akaenda kwenye mzigo wake, akarudi na mfuko wa mlenda mkavu aliotoka nao kijijini, ambao ulikuwa haujafunguliwa kwa sababu aliona mjini tunakula vya mjini. Kuanzia jioni ile tukala ugali wa uwele na mlenda. Mlenda wa Kigogo unachemshwa, hauungwi mafuta. Unateleza kwa utomvu wake wenyewe. Ugali wa uwele unashibisha na kukaa tumboni, haupandishi sukari kwa pupa kama sembe. Chakula alichokulia yeye ndicho kilichokuwa dawa yangu, na alikuwa amekificha kwa heshima! Tulirekebisha mawili tu: karanga zilizosagwa zikapunguzwa, na magadi yakawa punje, kwa sababu magadi ni chumvi ya aina yake na mjamzito mwenye mafuta mengi hatakiwi kuichezea presha.

Uji nao haukufa. Ukawa wa mtama, kikombe badala ya jagi, umetiwa ubuyu kidogo kwa ladha. Wiki ya kwanza nilikuwa naumwa kichwa kwa kukosa sukari na nilimgombeza kila mtu. Wiki ya tatu trigliseraidi zilirudi 5.6. Wiki ya 35 zikapanda 6.3, na daktari alinitayarisha mapema kwa hilo: mimba inavyokua zinasukumwa juu hata ukila kama malaika. Tulichokuwa tunalinda ni kutofika kwenye ile namba yenye duara.

Sasa chembe ya moyo. Ningekuwa na uwezo wa kukumbusha jambo moja tu, ningechagua hili. Kiungulia cha mimba kipo na wengi tunakipata, kinaunguza kupanda kooni, kinapungua ukikaa wima. Maumivu ya kongosho ni mengine: yanashika juu ya tumbo, katikati, yanapenya kwenda mgongoni, hayaachii, na mara nyingi yanakuja na kutapika. Na kuna maumivu ya tatu, ya chembe au chini ya mbavu za kulia, yanayotokana na presha ya mimba ile inayoelekea kifafa cha mimba. Hayo huweza kuja na kichwa kuuma vibaya, kuona maluweluwe, au uso na mikono kuvimba. Mama mwenye trigliseraidi nyingi yuko kwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha hiyo, na vilevile kisukari cha mimba na kujifungua kabla ya siku. Maumivu ya kongosho na haya ya presha hayasubiri asubuhi. Usiombe kidonge dukani. Nenda hospitali usiku huohuo, ukifika sema wazi "nina mimba na tumbo la juu linauma", na kama umewahi kuambiwa una mafuta, liseme hilo kabla hujaulizwa. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, usikubali kuambiwa ni uchovu wa safari. Omba ipimwe tena na mkojo uangaliwe.

Kuhusu mtoto, niliuliza maswali mengi kuliko niliyouliza kuhusu nafsi yangu. Trigliseraidi za mama hazivuki kondo la nyuma zikiwa zima. Kondo linazivunja na kupitisha vipande. Zikiwa nyingi mno, vinavyopita navyo vinazidi, na mtoto anaweza kukua kupita kiasi, akazidi kilo 4, uzazi ukawa mgumu kwake na kwa mama. Na si ukubwa tu. Mwaka 1997 watafiti wa Naples, Italia, walieleza kwamba vijusi vya mama wenye lehemu nyingi vilionekana na michirizi ya mafuta kwenye mshipa mkuu wa damu, kabla hata ya kuzaliwa. Niliposoma hilo nilikaa nikashika tumbo. Lakini halimaanishi kwamba mtoto ameshaharibika. Linamaanisha kulikuwa na sababu ya kuacha soda.

Kama wewe ulikuwa ukitumia dawa za kushusha lehemu, za jamii ya statini, kabla ya mimba, mwone daktari mara tu unapopanga kubeba, au siku ile unapogundua umebeba. Kwa wengi zinasimamishwa. Mwaka 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa katazo la jumla kwa wajawazito wote, ili wachache wenye hatari kubwa sana ya moyo waamuliwe mmoja mmoja na daktari wao. Haikusema turudi kuzimeza kiholela. Na ukiwa unanyonyesha hazishauriwi.

Nilijifungua wiki ya 39, mtoto wa kike, kilo 3.3, kwa njia ya kawaida. Mama mkwe ndiye aliyempokea kutoka kwa muuguzi. Niliendelea kunyonyesha bila kuacha, na nilifurahi kuambiwa kwamba kunyonyesha kunasaidia trigliseraidi kushuka haraka, maana zinachukuliwa kwenda kutengeneza maziwa. Wiki ya kumi nilipima tena: 2.4. Bado juu ya kawaida, na sasa najua hivyo ndivyo nilivyo, mimi na baba mdogo na marehemu baba.

Wiki ileile nilikwenda kuchagua uzazi wa mpango. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua vidonge vya majira, kama nilivyofanya baada ya mtoto wa pili, nikakumbuka kumwambia muuguzi habari ya mafuta. Akavirudisha kabatini. Vyenye homoni ya estrojeni hupandisha trigliseraidi, akaniambia, na kwa mtu kama mimi vinaweza kuzipeleka kulekule kwenye kongosho. Nikachagua kitanzi. Inawezekana kabisa kwamba vile vidonge vya miaka mitatu ndivyo vilivyonipandisha kabla hata ya mimba hii, na hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa na la kusema.

Mdogo wangu yuko Kongwa, mimba yake ina wiki 14. Nilimtumia majina ya vipimo kwa ujumbe wa simu, na juzi alinitumia picha ya karatasi: trigliseraidi 2.9. Mapema hivi, hiyo si ndogo. Jumatatu anaonana na daktari, na mama mkwe ameshafunga mfuko wa mlenda wa kumpelekea.